Mdhamini wa Mama Fancy

Mtu akikuambia hajui kijicho kina ladha gani, mwulize kama amewahi kulipa deni ambalo jirani yake alikataa kulipa, kisha akakaa miaka kumi na minne akimtazama jirani huyo akinenepa. Nanyama aliijua ladha hiyo. Aliamka nayo, akakamua ng'ombe nayo, akaenda nayo kanisani Jumapili na kurudi nayo nyumbani. Na pale kijijini juu ya Salgaa hakuna aliyeshuku kwamba mama mpole vile, mjane wa Khisa, mwimba sauti ya pili kwenye kwaya, alikuwa na kitu kama hicho kifuani.

Deni lenyewe lilianza na mtambo. Mwaka wa 2009 wafugaji wa Ushirika wa Maziwa wa Tumaini walichoka kumwaga maziwa ya jioni, maana lori la kiwanda lilikuja asubuhi tu, na maziwa ya jioni hayangoji mtu. Wakakubaliana wanunue mtambo wa kupoza maziwa. Benki moja mjini Nakuru ikakubali kuwakopesha, ila ikataka hati za mashamba ziwekwe rehani, na kila mwanachama adhaminiwe na mwanachama mwenzake. Watu wakatafutana wawili wawili. Jerop alimtilia Nanyama saini, na Nanyama akamtilia Jerop. Hawakufikiria mara mbili. Mashamba yao yalitenganishwa na ua mmoja tu, na siku Levis wa Nanyama alipozaliwa, Jerop ndiye aliyempakata kwanza, hata baba mtu hajafika.

Mtambo ukaja umepakwa rangi mpya juu ya kutu ya zamani. Ukapoza maziwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ukanguruma, ukatoa moshi, ukanyamaza, na mpaka leo kuku wa mlinzi hutagia ndani yake. Wanachama wakasema hawatalipia maiti. Benki ikasema yenyewe ilikopesha pesa, haikukopesha mtambo. Haya, kesi ikaenda kortini, ikalala, ikaamka, ikalala tena. Riba peke yake ndiyo haikulala.

Hapo ndipo majirani wawili walipoachana njia. Khisa alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu wa saa na risiti, na deni lilimnyima usingizi. Dawa ya deni ni kulipa, alisema, na akilisema jambo lilikuwa limekwisha. Mwaka wa 2011 aliuza mitamba miwili yenye mimba, akauza na miti ya mpakani, akashuka mjini akalipa fungu lao lote na kurudi na hati ya shamba ndani ya koti. Pesa za mitamba ile zilikuwa za Levis. Kijana alikuwa ameitwa chuo kikuu, barua ikiwa juu ya kabati, na barua hiyo ilikaa pale juu mpaka panya wakaimaliza. Leo Levis ana miaka thelathini na miwili na anabadilisha magurudumu ya malori Salgaa. Khisa mwenyewe alikufa miaka minne baada ya kulipa, bila deni.

Jerop hakuuza hata jogoo. Tena laiti angenyamaza tu na kukataa kwake! Alikuwa mwanakamati, barua zote za ushirika zilipitia kwake, na sauti anayo. Alisimama mkutanoni akaapa kwamba mwanachama wa kweli hatatoa hata senti kabla kesi haijaisha, na waliolipa kisirisiri akawaita wasaliti. Akaanzisha wimbo, wanawake wakaitikia wakipiga makofi. Nanyama alikuwa ameketi safu ya tatu. Alikaa mpaka wimbo ukaisha, kwa sababu kuondoka kungekuwa kujitaja.

Na ng'ombe wa Jerop walifanya nini? Walimpeleka binti yake, Fancy, chuo kikuu. Fancy sasa ana kazi nzuri mjini, amepanga nyumba Milimani, na mwisho wa mwezi huja na gari dogo jeupe lililojaa unga na mafuta ya kupikia. Amemjengea mama yake nyumba ya mawe yenye mabati ya rangi ya maruni. Nanyama alipofungua mlango wa jiko lake asubuhi, mabati yale ndiyo yaliyomkaribisha. Alivumilia mwaka mmoja. Wa pili akamwambia Levis auzibe mlango ule, atoboe mwingine upande wa pili, akasingizia moshi. Jiko likawa na moshi maradufu tangu siku hiyo, naye hakuwahi kulalamika.

Basi mwaka huu, mwezi wa kumi, chifu akaita baraza. Alikuja na mtu wa wizara mwenye tai, na mtu huyo akasoma karatasi. Serikali imeamua kumaliza mabishano. Italipa benki madeni yote ya wana-Tumaini yaliyobaki, riba na vyote, na hati za mashamba zitarudishwa kwa wenyewe. Baraza likalipuka. Jerop alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamdondoka. Mzee mmoja nyuma akauliza, na wale waliokwisha kulipa, watarudishiwa? Mwenye tai akageuza karatasi, akaangalia upande wa pili kama kuna kitu, akasema waliolipa serikali inawashukuru sana kwa uzalendo wao.

Watu wakawapigia waliolipa makofi. Nanyama naye akapiga. Ulikuwa unataka afanye nini?

Njiani kurudi alihesabu mitamba yake. Wale wawili wangezaa, watoto wao wangezaa. Kufikia sasa zizi lingekuwa na ng'ombe kumi na kitu, na Levis angekuwa mtu wa kuvaa tai kama yule. Ng'ombe wake yeye walilipa deni, wa Jerop wakasomesha, na leo serikali inalipa deni la Jerop. Kwa hiyo Jerop amekula mara mbili na yeye amekufa njaa mara mbili. Roho ilimchoma hata akapita mlango wa nyumba yake bila kujua.

Kesho yake asubuhi Jerop akaja, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa ya kwao. Alikisugua ndani kwa mkaa wake mwenyewe, akakifunga kwa ngozi, na kila mtu wa pale anajua Jerop hamletei mursik mtu asiye wake. Aliketi, akasifu chai, akalalamikia magoti, ndipo akafika kwenye shughuli. Kuna uhakiki, alieleza, kwenye ukumbi wa kanisa, na mwisho ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Karatasi zinataka mdhamini yule yule wa kwanza aje mwenyewe aitambue saini yake. Asipotokea, au akiikana, faili linawekwa kando.

Nanyama akasema atakuja. Ijumaa asubuhi, akasema.

Jerop akashukuru, akasimama, akapangusa sketi. Mlangoni akageuka akicheka. "Lakini umeona Mungu, Mama Levis? Si nyinyi mliharakisha kulipa."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama unavyomtania mtu aliyebeba mwavuli na mvua isinyeshe. Nanyama alicheka pia. Alicheka mpaka Jerop akavuka ua, kisha akachukua kibuyu akamiminia mbwa mursik yote kwenye sufuria kuukuu. Mbwa alilamba mpaka sufuria ikasogea. Kibuyu akakiosha vizuri, kwa sababu kibuyu cha jirani hakirudishwi kichafu, akakiweka rafuni. Hakirudishwi kitupu pia, lakini hilo alilisahau kwa makusudi.

Levis alipanda kutoka Salgaa Jumatano jioni kumletea mama yake sukari. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, jinsi anavyonawa kila siku na kila siku isitakate, mama yake akitazama ule weusi wa kwenye kucha. Ndipo akamwambia. Ijumaa angeingia mle ndani na kusema ile saini si yake. Mama Fancy naye aonje kidogo.

Levis hakugeuka. Alisugua dole gumba kwa muda. "Mathe, mimi hiyo chuo nilishasahau," akasema. "Wewe ndio unaisoma kila siku."

Nanyama alimkasirikia vibaya sana. Alimwambia asiyejua uchungu wa mzazi anyamaze, na kwamba amerithi ubaridi wa upande wa baba yake. Levis akala ugali wake, akaosha sahani, akateremka zake. Huo ndio uliokuwa mjadala wote.

Ijumaa Jerop alikuwa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, amevaa suti yake ya kanisani na kukumbatia faili la plastiki alilonunuliwa na Fancy. Alikuwa amewashikia nafasi wote wawili, na amebeba chupa ya chai na chapati. Alipomwona Nanyama akampungia mkono kwa nguvu, na watu wakasogea kumpisha, hata wale waliokuwa wamemwimbia. Utaratibu ulikuwa kwamba mdhamini anaingia kwanza, peke yake, mwenye deni asije akamkonyeza. Zamu ikafika. Jerop akamfinya mkono kidogo, akamwachia.

Ndani kulikuwa na meza moja na karani wa makamo, jina lake Njuguna, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alimwamkia kwa heshima, akamwuliza habari za mvua, akafungua faili nene la Jerop na kuweka kidole mahali.

"Hii saini ni yako, mama?"

Nanyama akaitazama. Ile N yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina lote. Khisa alikuwa akimtania kwamba hiyo si saini, ni fahali amesimama. Mtoto wa chekechea angejua ni yake. Akayaona mabati ya maruni. Akausikia ule wimbo, na wale wanawake wakiitikia, na yeye safu ya tatu mikono mapajani.

"Hapana," akasema. "Hiyo si yangu."

Na tusidanganyane, aliona utamu. Ulimpanda kutoka tumboni kama chai ya kwanza asubuhi ya baridi. Njuguna akamwuliza mara ya pili, akajibu vile vile. Karani akamweleza taratibu maana yake. Faili litaenda kwenye mabishano Nairobi, na pesa za serikali zinafungwa leo jioni, hazingoji mabishano ya mtu. Benki itakuwa huru kuuza shamba. Nanyama akasema ameelewa. Karani akavuta karatasi nyingine, akaandika jibu lake, akamwonyesha pa kutia saini yake ya sasa. Nanyama akatia saini fupi, herufi mbili tu, bila mkia.

Njuguna alikuwa anafunga faili alipokwama. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akavaa miwani vizuri.

"Basi mimi sielewi," akasema. "Kama si wewe uliyemdhamini, huyu mama alikuwa anamlinda nani?"

Akageuza faili likamwelekea Nanyama. Ilikuwa barua ya mkono, yenye muhuri wa benki wa mwezi wa kwanza 2012, na mwandiko aliujua, ulikuwa ule ule wa orodha za harambee. Nanyama aliisoma pole pole, midomo ikitembea.

"Kwa meneja. Nimeona notisi yenu kwa sanduku la ushirika mkisema mtafuata wadhamini. Mdhamini wangu ni Nanyama bibi ya Khisa. Huyo alimaliza yake. Aliuza ng'ombe na kijana yake akakosa kwenda chuo. Naomba msiende kwake. Mimi nitaleta mia sita kila mwezi, ni pesa ya mayai. Tafadhali msiandikie ushirika kwa sababu huko nimesema silipi. Ni mimi Jerop."

Nyuma ya barua risiti zilikuwa zimebanwa pamoja, unene wa kitabu cha nyimbo. Mia sita. Mia sita. Mia sita. Njuguna alieleza bila kuulizwa, kama mtu anayependa kazi yake. Zilikaribia laki moja, na zote zilikwenda kwenye riba, deni lenyewe halikupungua hata shilingi. Lakini mwezi wowote ambao mama huyu asingeleta, benki ingemwendea mdhamini, na mdhamini alikuwa na hati safi isiyodaiwa na mtu. Benki hupenda safi, alisema. Kisha akamtazama juu ya miwani. Au labda ni Nanyama mwingine?

Nanyama akaomba dakika moja, akatoka.

Nje jua lilikuwa limepanda. Jerop alikuwa amekwisha kummiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, na chapati ameikunja kwenye leso. Akauliza kama wamemsumbua. Nanyama akasema kidogo tu. Akaishika chai bila kuinywa. Akayakumbuka mayai. Kila tarehe ya kwanza, mwaka baada ya mwaka, alimwona Jerop akiteremka Salgaa na trei mbili za mayai, amevaa viatu vya safari, na kila mara alisema moyoni, haya, huyo anaenda kujaza mfuko. Mara moja alilisema kwa sauti mbele ya akina mama wa kwaya. Walicheka.

Ungedhani kijicho kingekufa pale pale. Wapi! Kilibadilisha nguo tu. Hata wema amenishinda, alijiambia, hata wema ameniwahi, nami nilidhani angalau huo ndio fungu langu. Halafu hasira ikaja juu ya hilo. Mnafiki huyu! Alisimama mbele ya watu akaniimbia msaliti, na mfukoni ana risiti. Angesema neno moja tu mkutanoni siku ile, neno moja, na mimi nisingekaa miaka yote hii nikiwa nimefunga mlango wa jiko. Alimtazama Jerop kutoka pembeni. Jerop alikuwa anachungulia faili lake la plastiki kwa mara ya ishirini, anahakikisha kitambulisho hakijaruka kikatoka. Nanyama hakuwa amewahi kuwaza kwamba mwanamke huyu pia amekaa miaka yote hii bila kujua kama kesho atalala kwake.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Angeweza kunyamaza tu. Jerop angeingia, angeambiwa mdhamini amekana, na nani angejua ni ubaya au ni uzee? Shamba la watu lingeuzwa, mabati ya maruni na vyote, na mlango wa jiko ungerudi mahali pake. Nanyama alilifikiria jambo hilo mpaka mwisho wake. Aliona mnada, akaona Jerop akipakia vyungu vyake kwenye pikipiki. Akajiona yeye mwenyewe amesimama kwenye mlango ule wa zamani, anatazama. Ndipo akamwaga chai chini.

"Twende ndani," akamwambia Jerop. "Wote wawili."

Njuguna hakushangaa. Alisema ushahidi ukishaandikwa haufutwi, ila unaweza kubadilishwa siku hiyo hiyo, mbele ya mwenye faili, na lazima sababu iandikwe. Ndivyo sheria inavyotaka. Jerop akauliza ni ushahidi gani unaobadilishwa. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na walio mbele ya foleni walikuwa wametulia ghafla, kama watu wanavyotulia wanapotaka kusikia bila kuonekana.

Karani aliandika tarehe, akaandika jina, akafika kwenye mstari wa sababu. Akainua kalamu. Alikuwa mtu mwema, na amekaa kwenye meza kama zile miaka mingi. Akasema kwa sauti ya chini, "Tuandike macho, mama. Hukubeba miwani, saini hukuiona vizuri. Wengi tunawaandikia hivyo."

Ilikuwa zawadi, na Nanyama aliijua ni zawadi. Ingemtoa salama, na Jerop angekwenda nyumbani bila kujua lolote, na wangeendelea kupeana chumvi juu ya ua. Aliitazama ile barua, bado iko wazi mezani. Msiende kwake.

"Macho yangu ni mazima," akasema. "Andika wivu."

Njuguna akamtazama. "Mama?"

"Nilisema si yangu kwa sababu ya wivu. Nilitaka auziwe shamba. Andika hivyo hivyo."

Kule mlangoni mtu alikohoa. Jerop alikuwa ameganda, faili la plastiki kifuani, anamtazama jirani yake kama mtu aliyeamshwa usingizini. Halafu macho yake yakashuka mezani, yakaiona barua, mwandiko wake mwenyewe, na zile risiti. Akaelewa kimoja, kisha akaelewa cha pili, na uso ukambadilika mara mbili. Akageuka akaangalia foleni, wale wenzake wa wimbo, wanaomsikia. Nanyama alidhani atatoka. Yeye angekuwa ndiye, angetoka.

Jerop akavuta kiti akaketi, magoti yakalia.

"Siku ile nilikuimbia msaliti, Mama Levis, nilikuwa natoka kukuona ukipita na Khisa na hati kwa koti," akasema, na hakupunguza sauti yake. "Nilijua usiku huo utalala. Mimi nilikuwa nimeapa mbele ya watu tangu mwanzo, siwezi kurudi nyuma. Nilikuonea wivu hata nikaona nikuharibie hiyo usingizi." Akaigusa ile barua. "Hayo mengine nilifanya baadaye, nikiona aibu. Na huo wivu sijamaliza. Kila nikipita kwako najua hati iko ndani ya sanduku."

Miaka kumi na minne Nanyama alikuwa na hati ile ndani ya sanduku, chini ya kanzu ya Khisa, na hakuna hata siku moja aliyoifungua akafurahi.

Njuguna alikuwa bado hajaandika. Aliwatazama hawa wawili, akautazama mstari wake mtupu. "Mama, hili faili linaenda Nairobi," akasema kwa upole. "Sijawahi kuandika sababu kama hiyo. Watauliza ni kitu gani."

"Kwani Nairobi hawana?" akauliza Nanyama.

Karani akainama akaandika. Kisha akamgeuzia karatasi, akamwonyesha mahali. Nanyama akashika kalamu, akatia ile N, na mkia akauvuta mpaka ukapita chini ya jina lote ukatoka nje ya kisanduku. Jerop alisubiri mpaka wino ukakauka, ndipo akauliza kama kibuyu chake kiko salama.

"Kiko," Nanyama akasema. "Nitakileta jioni. Hakitakuja kitupu."